Karani wa Majeraha

Alikuwa ameandika majeraha ya watu kwa miaka mingi kabla sijafika hospitali ile. Aliketi mbele ya kompyuta, hedifoni kubwa nyeusi masikioni, mwili umeinama mbele kidogo kama mtu anayesikiliza mlangoni kwa watu. Sauti ya daktari ikimwambia kwamba mgonjwa ana jeraha la panga la sentimita tisa, kutoka nyuma ya sikio hadi shingoni, mkono wake wa kushoto ulitoka kwenye vibonyezo, ukaenda nyuma ya sikio lake mwenyewe, ukashuka hadi shingoni. Akishalipima jeraha kwenye mwili wake, ndipo aliandika.

Siku ya kwanza kumwona akifanya hivyo nilidhani anajikuna.

Sote tulimwita Karani. Hospitali ilikuwa na makarani wengine, wa faili, wa stoo, wa dirisha la malipo, lakini ukisema Karani bila kuongeza neno, hata mlinzi wa lango alijua ni nani. Mimi nilikuwa tabibu pale, ingawa watu wetu hawana haja na vyeo vidogo vidogo, wao husema daktari basi. Hospitali yenyewe ilikuwa ndogo, kando ya barabara ya vumbi itokayo mji wa Wote kwenda Kalamba. Daktari mkuu, mpasuaji, alikuwa na mwandiko ambao yeye mwenyewe alishindwa kuusoma siku ya pili. Kwa hiyo aliyasema maneno yake kwenye kinasa sauti kidogo, na baadaye, simu zilipokuja, sote tukaiga. Ulimaliza kumhudumia mgonjwa, ukasimama kando ya kitanda, ukaongea na simu yako. Sauti ikaenda kwa Karani. Kutoka kwa Karani ikarudi karatasi: maelezo ya faili, barua ya kumpeleka mgonjwa Machakos, na ile fomu ya polisi, P3, inayoeleza mtu alivyoumizwa.

Fomu za P3 zilikuwa nyingi. Watu wa mbali hudhani nchi kavu kama yetu huua kwa njaa na malaria tu. Hawajui mchanga. Mito yetu haina maji miezi mingi lakini ina mchanga, na malori huja kuuchukua, na wanakijiji hugawanyika: wa kuuza na wa kuzuia. Nimetoa mshale kwenye paja la mwanamume aliyekuwa amelala mbele ya lori. Nimeshona ndugu wawili waliokatana kwa ajili ya mpaka ambao mbuzi angepita juu yake bila kutambua. Nimeona mke aliyepigwa kwa kiti. Yote hayo niliyasema kwa simu, nikaenda kunywa chai. Karani ndiye aliyebaki nayo, akiyarudia neno kwa neno, akisimamisha sauti, akirudi nyuma, akisikiliza tena lile pigo.

"Nyinyi mnaona mara moja," aliniambia. "Mimi naona mpaka niandike vizuri."

Kitu alichokichukia kuliko vyote ni neno "inasemekana." Sisi matabibu tunalipenda. Inasemekana alikatwa na panga. Inasemekana alipigwa na mumewe. Linatukinga mahakamani. Karani aliliandika kwa sababu kazi yake ilikuwa kuandika tulichosema, lakini alikuja nalo hadi mlangoni kwangu, karatasi mkononi.

"Daktari, hii panga inasemekana?"

"Sikuwepo wakati anakatwa, Karani."

"Lakini jeraha ulikuwepo. Uliingiza kidole. Umesema mfupa unaonekana. Mfupa nao unasemekana?"

Na kitu cha pili kilikuwa upande. Ukisema "mkono umevunjika" ukanyamaza, ungeona simu inalia. "Mkono upi? Mtu hana mkono. Ana wa kulia na ana wa kushoto." Wengine walimcheka kwa hilo. Daktari mkuu hakucheka tena baada ya siku ya mtu wa rungu.

Mtu huyo aliletwa asubuhi, kapigwa rungu kichwani pande zote mbili, hajitambui. Alipelekwa Machakos kupigwa picha ya kichwa, akarudishwa nayo kwa sababu mpasuaji wa huko hakuwepo. Daktari mkuu akaitazama, akasema maelezo yake haraka haraka kwenye simu, akaagiza kichwa kinyolewe, akaingia chumba cha upasuaji. Karani alipofika katikati ya sauti ile akasimamisha. Akarudisha. Akasikiliza tena. Mwanzoni daktari alisema damu imevia upande wa kushoto. Mwishoni alisema atatoboa upande wa kulia.

Karani hakupiga simu. Aliinuka hedifoni ingali shingoni, akatembea, halafu akakimbia, mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, viatu vya vumbi, akasukuma mlango ambao hata mimi siruhusiwi kuusukuma bila kubadili nguo. Kichwa cha mgonjwa kilikuwa kimenyolewa chote. Daktari alishika chombo cha kutobolea mfupa.

"Ni upande gani?" akauliza.

"Toka nje!"

"Umesema kushoto, halafu umesema kulia."

Daktari mkuu alikuwa mtu wa hasira za ghafla. Aliokota bakuli la chuma, lile la kuwekea vyombo, akamrushia. Lilimpata juu ya jicho. Damu ikateremka kwenye shavu na kwenye kola ya blauzi yake.

"Nirushie na ingine," akasema, "lakini kwanza niambie ni upande gani."

Muuguzi mmoja, ili kutuliza mambo, akaiweka tena picha kwenye taa. Ilikuwa kushoto. Daktari akahamia upande wa pili wa meza, akatoboa, na damu nyeusi, nzito kama mafuta ya gari, ikatoka. Mtu yule hadi leo anauza vocha na sukari mjini Wote.

Jioni daktari alimshona Karani mwenyewe, nyuzi tatu. Kisha, kwa mazoea, akatoa simu na kusema maelezo. Nilisikia sauti ile baadaye kwa sababu Karani alinisikizisha. "Jeraha la kupasuka, sentimita mbili, juu ya jicho la kulia. Chanzo." Hapo palikuwa na kimya kirefu, unasikia mtu akipumua. "Chanzo, hasira ya daktari."

Aliiandika vivyo hivyo.

Lakini nisimfanye malaika. Wanaomsifu siku hizi wanamfanya mtu mpole, na hakuwa mpole. Kulikuwa na muuguzi wa wodi ya uzazi aliyekuwa na mkono mwepesi. Mama akipiga kelele kwa uchungu wa kuzaa, alipigwa kofi la paja au la shavu, aambiwe asukume. Siku moja nilisema katika maelezo kwamba mama fulani hakutoa ushirikiano. Karani akaenda wodini kumwona huyo asiyeshirikiana. Akamkuta msichana mdogo, alama za vidole vinne shavuni, anajaribu kunyonyesha.

"Sista," akamwambia muuguzi, "nani alifanya hii?"

"Huyo alikuwa ananisumbua."

Karani akamzaba kofi ambalo lilisikika dawati la kadi. Kisha akageukia kwangu, nilikuwa nimesimama mlangoni na faili. "Andika na hiyo," akasema.

Alipewa barua ya onyo. Akaikunja akaiweka ndani ya Biblia yake na kuendelea na kazi. Makofi yalipungua wodini, sisemi yaliisha.

Na alipenda mieleka. Hilo liliwashangaza wageni wote. Saa ya chakula, kwenye kantini ya wafanyakazi, alikuwa na kiti chake mbele ya televisheni, sahani ya muthokoi magotini, mahindi yale yaliyokobolewa yakipoa bila kuliwa, naye anapiga kelele kwa wanaume wawili wenye mafuta mwilini. "Mvunje! Mkanyage, mkanyage hapo hapo!" Uso wake ulibadilika. Wauguzi vijana walimcheka nami nilicheka. Jumapili alisimama mlangoni mwa kanisa lao la mabati, kitambaa cheupe kichwani, akiwapokea watu kwa mikono miwili na kuwaonyesha viti. Nilimuuliza mara moja yale mambo mawili anayapatanishaje.

"Mchana kutwa nasikia waliopigwa," akasema. "Siku moja moja nataka kuwa upande wa anayepiga. Si ni mchezo tu?"

Sikulitilia maanani jibu hilo.

Siku ya soko la Kalamba, msimu wa ndengu, mwanamume alikamatwa na mbuzi wawili wa mjane. Kamba zilikuwa mkononi mwake. Nasema hivyo ili mtu asidhani walimwonea. Mwenyewe aliniambia baadaye kitandani kwamba mbuzi alikuwa amewaiba na kwamba hao hawakuwa wa kwanza. Watu walimtoa katikati ya soko hadi penye uwazi nyuma ya mashine ya kusaga. Walianza kwa mateke, wakaendelea kwa fito, wakaja kwa mawe. Kulikuwa na mtu aliyekwenda kutafuta petroli. Polisi wakafika kabla yake, wakapiga risasi mbili juu, wakamtupa mgonjwa kwenye sakafu ya gari, wakatuletea.

Nilimpokea mimi. Meno ya mbele hayakuwepo. Jicho moja lilikuwa limefunga kama ngumi. Nilimsafisha kwa saa nzima ndipo nikajua wapi panaanza jeraha na wapi ni matope. Kisha nikasimama kando yake na simu, nikayataja majeraha moja baada ya moja, kumi na moja, kwa nambari, na upande wa kila moja, maana Karani alikuwa ametufunza.

Asubuhi iliyofuata alikuja ofisini kwangu. Hakuwa na hedifoni. Alifunga mlango, akaketi bila kukaribishwa, akaiweka karatasi mezani.

"Nambari saba," akasema.

Nikaisoma. Jeraha la kupasuka, sentimita nne, juu ya sikio la kushoto, mfupa umebonyea, limetokana na kitu kizito chenye ncha.

"Nimekosea upande?"

"Upande uko sawa." Akaweka kidole juu ya sikio lake la kushoto, akakiacha hapo. "Hiyo ni mimi."

Sikuelewa. Akanieleza. Siku ile alikuwa sokoni kwa mama wa ndengu, amefungua kiondo. Akasikia nduru. Akaacha kiondo chake na ndengu zake, akakimbia na wengine. Akapenya mpaka mbele. Jiwe alilitoa kwenye ukingo wa mtaro, akalichagua, akaacha moja dogo akachukua lile. Alilenga.

"Karani, watu walikuwa wengi. Huwezi kujua ni lako."

"Nimefanya hii kazi muda gani? Nilikuwa mbali naye kama hapo kwa kabati. Niliona likiingia."

"Usimwambie mtu."

"Nimeshakwambia wewe."

"Mtu huyu ni mwizi kweli. Hakuna atakayekuuliza. Ukienda polisi unajiharibia kazi, unajiharibia jina, kwa nini?"

Aliichukua karatasi. "Daktari, wiki hii nimeandika watu sita. Wote wamepigwa na 'watu wasiojulikana.' Sita! Hawa watu wasiojulikana wanaishi wapi? Wanalala wapi? Wanasali kanisa gani?"

Nilimsindikiza kituoni kwa sababu sikuweza kumzuia. Sajini wa zamu alimsikiliza, akacheka kwa upole, kalamu haikuguswa. "Mwaitu," akamwambia, na hilo ndilo jina tunalomwitia mama yetu, "nenda nyumbani upumzike. Nikikufungulia kesi wewe, nitawafungulia na Kalamba nzima? Seli haitoshi." Karani akaketi kwenye benchi. Alikaa mpaka kituo kikabadilisha zamu. Kesho yake akarudi, akaketi tena, na chai yake kwenye chupa. Siku ya tatu sajini, kwa kuchoka tu, akaandika. Akamwuliza ni nani wengine walikuwa pale.

"Mkono niliouangalia ni wangu," akasema. "Wengine wana midomo."

Kabla ya mgonjwa kuruhusiwa kutoka, Karani alikwenda kitandani kwake. Nilikuwa nabadilisha bandeji. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa, ilibidi azunguke upande wa pili aongee. Alimwambia alichofanya, bila kupamba. Mwizi alimtazama kwa jicho moja.

"Ulikuwa wa ngapi?" akauliza.

"Kwa karatasi ni wa saba."

"Wa saba simkumbuki," akasema. "Nilikuwa nimeshazimia." Akageuza uso ukutani. Karani akasimama pale muda, mikono imening'inia, kama mtu aliyeleta mzigo nyumba ambayo hawaupokei.

Habari haikukaa siku mbili, Kalamba yote ikajua kwamba Karani ameandikisha polisi. Hakuna aliyeamini kwamba hakutaja mtu. Kila aliyekuwa amerusha hata kijiwe alilala akisikiliza gari la polisi. Mzee wa kanisa alimwomba apumzike kidogo kusimama mlangoni. Mama wa ndengu hakumuuzia tena. Mtu akawakata mbuzi watatu wa Karani miguu ya nyuma, akawaacha hai zizini, ikabidi jirani aje awamalize, maana yeye alikuwa hawezi kuchinja hata kuku.

Kisha wakamngoja kwenye njia ya miguu, saa kumi na moja jioni, jua lingalipo. Wanaume watatu. Rungu, mpini wa jembe, na wa tatu alitumia viatu.

Aliletwa kwenye mkokoteni wa muuza maji, amelala kati ya mitungi mitupu. Nilimtambua kwa blauzi. Mkono wa kulia ulikuwa umevunjika mifupa yote miwili, umekaa kama una kiwiko cha pili. Vidole viwili vimesagwa. Mbavu tatu. Sikio la kulia linatoka damu. Alikuwa macho muda wote. Nilipomnyoosha mkono ule hakupiga kelele, aliniuma bega. Alama ninayo.

Nilipomaliza nilitoka nje, nikasimama nyuma ya tangi la maji, nikasema maelezo kwenye simu. Ilibidi nianze mara tatu. Ndipo nikakumbuka kwamba hakuna wa kumtumia. Aliyekuwa akiandika maelezo yetu amelala wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani.

Siku ya nne aliniita. "Yangu iko wapi?"

"Yako nini?"

"Sauti. P3 yangu. Polisi wamekuja mara mbili, hakuna karatasi."

"Nitaiandika kwa mkono."

"Hao hawawezi kusoma mkono wako. Leta kompyuta."

Nilileta. Hedifoni iliketi vibaya, upande mmoja juu ya bandeji, akaisukuma akabaki na sikio moja. Aliandika kwa mkono wa kushoto, kidole kimoja kimoja. Niliketi kwenye kiti cha wageni, nikitazama uso wake wakati sauti yangu inamweleza yaliyompata. Mara hii hakupeleka mkono popote mwilini. Alifika mahali akasimamisha.

"Umesema 'inasemekana alipigwa na watu asiowajua.'"

"Ndiyo desturi, Karani. Polisi wanataka hivyo."

"Mimi nawajua."

"Basi wataje! Niambie sasa hivi, nampigia sajini."

Akatikisa kichwa.

"Kwa nini?" Nilikuwa nimesimama, nadhani nilipiga kelele, kwa sababu mama wa kitanda cha tatu alijifunika shuka. "Unajitaja wewe kwa jiwe moja, halafu hawa waliokuvunja unawaficha?"

"Siwafichi. Wanajua nilipo. Na mimi nilikuwa najua kituo kiko wapi, hakuna aliyenishika mkono kunipeleka." Akafuta neno "asiowajua" kwa kidole kimoja, herufi moja moja. "Waje wenyewe."

Nilimkasirikia kwa hilo, na bado namkasirikia. Hawakuja. Miezi mingi baadaye, Karani akiwa amesharudi kazini, mmoja wao, nilimshuku kwa namna alivyokwepa macho, alikuja kushonwa mguu aliojikata na shoka. Niliyasema maelezo yake, Karani akayaandika. Karatasi ilirudi bila kosa hata moja, na upande umetajwa.

Kwa lile jiwe, hakimu alimpa Karani kifungo cha nje: kufagia uwanja wa chifu na soko la Kalamba kila baada ya siku ya soko. Alifagia kwa mkono wa kushoto, ufagio umebanwa kwapani. Kulikuwa na watu waliomngoja apite ndipo wateme maganda ya muwa. Alirudi akafagia na hayo. Akamaliza miezi yake, akarudi kazini, akafanya kazi mpaka kustaafu, mkono wa kulia ukiwa na vidole vitatu vya maana. Wakati huo mimi nilihamishiwa upande wa Kitui, Migwani, karibu na kwetu, na kwa miaka kadhaa tulisalimiana kwa simu tu.

Mwaka huu nilipata shughuli mjini Wote, nikaamua kumpitia. Anaishi Kalamba, juu ya mteremko, nyumba ya matofali, soko liko chini yake unaweza kuhesabu miavuli. Ilikuwa siku ya soko. Nilimkuta amezeeka vizuri, nywele nyeupe zimekatwa fupi. Alinipikia chai ya maziwa, tukaketi ndani. Tuliongea juu ya daktari mkuu, ambaye amefariki, na juu ya wauguzi walioolewa. Nilipomuuliza kama huteremka sokoni kununua vitu, aliweka kikombe chini.

"Jirani ananinunulia. Mimi siendi siku ya soko."

"Bado wanakusumbua?"

"Wale? Wamesahau zamani. Wananisalimia." Akakisukuma kikombe kando. "Daktari, kuna kitu sikumwambia sajini. Nilisema nilirusha. Hakuniuliza ilikuwaje."

"Ilikuwaje?"

"Ilikuwa tamu."

Aliendelea kuniangalia, kuona kama nitaondoka.

"Miaka yote hiyo nikisikia watu wakipasuliwa, na mimi siwezi kufanya kitu, naandika tu. Jiwe lilipotoka mkononi nilijisikia mwepesi. Nilipiga kelele ya furaha. Kama lile jiwe halingeingia kwa karatasi, ningerusha tena mwaka uliofuata. Najijua."

Tulikuwa hapo, chai haijapoa, nduru ilipoanza.

Ilianza chini, mtu mmoja, halafu wengi. Ukiishi kwetu unaijua, si ya msiba na si ya moto. Miguu ikapita nje ya ua ikiteremka. Mwanamke fulani akaita akipita, "Mwaitu, wameshika mtu! Wameshika mwizi wa simu!"

Karani alikuwa ameshasimama. Sikumwona akisimama. Mdomo ulikuwa wazi kidogo, na uso wake, nasema nilichokiona, ulikuwa ule wa kantini.

Akakimbilia kabati, akatoa kufuli na ufunguo, akanisukumia kifuani. "Nifungie. Kwa nje. Wewe ni daktari, nenda, lakini nifungie kwanza."

"Karani..."

"Nifungie! Na nikikuita usirudi."

Nikafunga. Sikuwa nimefika kwenye lango aliponiita. Kwanza kwa sauti ya kawaida, kwamba amebadili nia, anataka tu kusimama mlangoni aangalie. Kisha akaupiga mlango kwa mikono yote miwili, ule mzima na ule mbovu, akinitaja kwa jina langu la kubatizwa ambalo hakuwahi kulitumia. Nilikimbia.

Chini watu walikuwa wamefunga duara. Nilipenya nikitumia viwiko. Mwanamume nisiyemjua, jasho usoni, akaniona ninavyosukumana kufika mbele, akadhani anaelewa haja yangu. Akanitilia jiwe mkononi, kwa wema, kama mtu anavyomkaribisha mwenzake. Lilikuwa na moto wa jua. Lilinikaa sawasawa kwenye kiganja. Kijana wa simu alikuwa amepiga magoti, kichwa kimekingwa kwa mikono, na nilikuwa karibu naye kama hapo kwa kabati.

Sijui nililishika muda gani. Najua nililiachia likaanguka chini, na najua haikuwa papo hapo.

Kisha nikapiga kelele kwamba mimi ni daktari, nikajitupa juu yake. Nilipigwa mgongoni mara mbili, labda tatu, kabla ya wengine kuelewa na kuanza kuvutana wao kwa wao. Askari wa kaunti wakafika. Kijana alikuwa amepasuka kichwa na kuvunjika mfupa wa mtulinga, lakini alikuwa anapumua, anamwita mama yake. Nilibana kile kichwa kwa shati langu mpaka gari likaja.

Jua lilikuwa limeinama niliporudi mteremkoni. Ndani palikuwa kimya. Nilifungua kufuli. Alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, mkono mbovu umevimba kwa kupiga mlango, kucha mbili zinatoka damu. Alinitazama kifua wazi, alinitazama mikono.

"Yuko hai?"

"Yuko hai."

Akafumba macho. Nikachuchumaa mbele yake, nikamnyooshea ufunguo. Soko lilikuwa bado linasikika huku chini, watu wakibishana, mtu akicheka.

"Kaa na huo ufunguo," akasema, bila kufungua macho. "Watu hawajaenda nyumbani. Na wewe kaa ndani."

Nikaufunga mlango, safari hii kwa ndani, nikaketi karibu naye kwenye sakafu, tukangoja.